Gunia Habweki

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimemaliza kuchomelea nondo za dirisha la choo. Sasa nyumba yangu haina tundu ambalo paka anaweza kupita bila kuacha sharubu. Mke wangu alisimama mlangoni akanitazama nikishuka kwenye kigoda, akarudi ndani. Zamani angeuliza kama hewa tutaivuta kwa mrija.

Naandika usiku chai ikichemka, maana kichwa hakitulii na mikono inataka kazi. Mwezi jana, mchana kweupe, mvua ya kwanza ikipiga bati mpaka mtu hasikii sauti yake mwenyewe, wezi waliingia humu. Mke wangu alikuwa anashona chumba cha mbele. Alimbeba mtoto wakajifungia chooni mpaka niliporudi. Walibeba televisheni, pasi na viatu vyangu vya harusi. Hivyo sivililii. Kinachonikosesha raha ni kwamba hawakuwa na haraka. Walikaa wakanywa chai yetu. Mke wangu aliwasikia wakiulizana sukari inawekwa wapi.

Na mimi ndiye fundi geti. Nusu ya mtaa huu inalala nyuma ya chuma nilichochomelea mimi. Mganga hajigangi, wanasema watu, na wengine wanasema huku wakinitazama.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nimebeba cherehani ya mke wangu begani mpaka karakana, kama jana na juzi. Nyumbani peke yake habaki.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe amefika na mkoba mmoja na maneno mengi. Alimkuta mwanawe karakanani, ameketi pembeni ya mitungi ya gesi, anapinda gauni la mtu huku cheche zinaruka. Hakusema kitu mbele ya wateja. Jioni, mezani, akanigeukia.

"Mwanangu, wewe ni mkwe mwema, sina neno nawe. Lakini mtu anayeogopa nyumba yake hana nyumba. Mvua zikiisha hali ikiwa hii hii, naondoka naye, na mtoto."

"Mama, najitahidi. Umeona nondo?"

"Nimeziona. Nilikuwa natafuta mlinzi wa zamu nimwambie nimekuja kumtembelea mfungwa."

Binti yetu, ambaye kwa kupayuka kwake tumemwita Chiriku tangu anajifunza kusema, alicheka mpaka uji ukamtoka puani. Mke wangu naye alitabasamu kidogo. Mimi sikucheka.

Jumatano, 13 Machi

Nimeongeza ukuta kozi mbili, mistari miwili ya matofali, na kupanga vipande vya chupa juu. Geti jipya ni bati zima, halina hata upenyo wa jicho. Mlango wa mbele nimeugeuza ufungukie nje. Mlango wa kufungukia nje hauvunjwi kwa teke, kila fundi anajua. Na tundu la kutolea maji ya uani, chini ya ukuta, nimeliziba, maana mtoto mwembamba anaweza kupenyezwa pale. Bati nene, juu yake saruji.

"Na maji yatapita wapi?" aliuliza mama mkwe.

"Mama, maji hayaibi."

Jumamosi, 16 Machi

Nimeleta mbwa.

Anatoka kwa mama mwenye duka la dawa, mteja wangu wa zamani, anayehamia ghorofani asikoweza kufuga. Ni mastifu, jamii ya mbwa wakubwa wa ulinzi. Nilikuwa nimesikia jina tu. Alipotoka bandani nilidhani ni ndama: kichwa kama sufuria ya shughuli, mashavu yananing'inia, mate yanamtiririka kama bomba bovu. Nilifurahi. Nikajiona nimempata askari.

"Msimfunge mnyororo," aliniambia yule mama akimfuta mate kwa khanga yake. "Wala msimfundishe ukali. Ukali anao. Ameuweka tu."

Tulipoingia uani mke wangu alirudi nyuma mpaka ukutani. Mbwa akamwendea polepole, akanusa pindo la gauni, akageuka, akajiegemeza miguuni pake kama mtu aliyechoka na safari. Kisha akaporomoka chini na kulala. Chiriku alimzunguka, akampapasa sikio.

"Baba, amekaa kama gunia."

Basi jina limepatikana.

Jumatatu, 18 Machi

Gunia amelala.

Jumanne, 19 Machi

Gunia amelala, amekula sufuria nzima ya ugali na mifupa, amelala tena. Anakoroma kuliko marehemu baba yangu. Muuza maziwa amegonga geti, mimi nimekwenda, yeye amefungua jicho moja. Nimemwambia, "Bweka basi, hata kwa heshima." Akafumba.

Jumapili, 24 Machi

Nimefanya jambo leo na bado sijui nilione vipi.

Kuna fundi rangi mmoja tunayemwita Rangi Mbili, kwa sababu ovaroli yake haijapata kuwa ya rangi moja. Tumefanya kazi pamoja miaka: mimi nachomelea geti, yeye analipaka. Ndiye aliyepaka chumba chetu cha mbele wiki ile kabla ya wezi. Alikuwa akiingia na kutoka, anajua televisheni ilikaa wapi, na sukari pia, maana alikunywa chai humu kila siku. Tangu mwezi jana nimeacha kumwita. Hakuja kuuliza kwa nini. Nami nilisema moyoni, mtu asiye na hatia angeuliza.

Leo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mimi, mke wangu na mtoto tulikuwa karakanani kumalizia kazi ya haraka, mama mkwe amekwenda dukani. Tuliporudi tulikuta geti limerudishiwa tu. Uani kimya. Gunia haonekani kwenye baraza lake. Nikashika nyundo.

Walikuwa nyuma ya nyumba. Rangi Mbili amesimama ameubandika mgongo ukutani, mikono juu, mvua inamtiririka usoni. Gunia amejiegemeza kwake kwa uzito wake wote, amekalia miguu yake, anatazama mbele kama anasubiri mtu. Hakuuma wala hakubweka. Amemzuia tu.

"Fundi," Rangi Mbili alisema kwa sauti ya chini kabisa, "nakuomba mwite mbwa wako. Nikivuta pumzi anaongeza uzito."

Mke wangu ndiye aliyemwita. Akaja, mkia unatikisika, akajikung'uta na kuturushia maji na mate sote.

Hapo ndipo ningecheka. Badala yake nikasema, "Leo umekamatwa. Ulikuja kumalizia nini?"

"Nimekuja kuchukua ngazi yangu. Iko hapa tangu nilipopaka."

"Bila mwenyewe kuwepo?"

"Mwenyewe hajapokea simu zangu mwezi mzima."

"Utapokeaje simu ya mtu aliyeleta wezi nyumbani kwako?"

Nilisema hivyo. Majirani wawili walikuwa wameshasimama getini. Rangi Mbili akafuta uso kwa kiganja. Mama mkwe akaingia na mfuko wa unga, akaelewa, akashika kifua. Ni yeye aliyekutana naye njiani akamwambia apitie achukue ngazi, geti liko wazi, mbwa ni mpole.

Ngazi aliichukua. Hakuaga.

Mama mkwe hajaniita mwanangu tangu saa ile.

Jumatatu, 25 Machi

Mke wangu amesema anabaki nyumbani leo. "Umeona alivyosimama?" aliniambia. "Hapigi kelele, haparamii watu. Alijua la kufanya." Cherehani imerudi chumba cha mbele. Pazia bado limefungwa, lakini amebaki.

Ningetosheka hapo. Lakini karakanani siku nzima nilikuwa nawaza: aliyekuja alikuwa mmoja, na hakuwa na panga. Wakija watatu je? Mbwa asiyeng'ata ana tofauti gani na kabati?

Jumamosi, 30 Machi

Nimemleta mwalimu wa mbwa. Zamani alifundisha mbwa wa kampuni ya ulinzi. Ana mkono wa magunia yaliyoshonwa pamoja, anaouvaa ili mbwa aung'ate, na fimbo na filimbi.

"Mastifu ana moyo wa bibi harusi," alisema. "Lazima umkasirishe."

Gunia amefungwa mnyororo ili apate uchungu. Chiriku amelia. Mke wangu hakulia, amesema tu, "Yule mama alikuambia nini siku ile?" Nikamjibu kwamba yule mama anauza dawa za kikohozi.

Jumatano, 3 Aprili

Ameng'ata ule mkono wa magunia. Mwalimu amefurahi. Mimi nimefurahi pia, kisha nikakosa hamu ya kula.

Jumapili, 7 Aprili

Chiriku alikwenda barazani na kipande cha mkate, kama alivyozoea. Gunia alinguruma, meno yote nje. Mtoto aligeuka sanamu, mkate mkononi. Sikujua kwamba naweza kukimbia vile.

Hakumgusa. Alipomtambua aliinamisha kichwa mpaka chini na kujikojolea. Mbwa mkubwa kama yule.

Mke wangu alimfungua mnyororo yeye mwenyewe na kuutupa mtaroni. Ndipo akanigeukia, na maneno aliyoyakalia tangu mwezi wa pili yakatoka yote.

"Baba Chiriku, nilipokuwa mle chooni sikuwa naogopa wezi peke yao. Nilikuwa naogopa mlango. Nilijua nimejifungia, na sina pa kutokea. Tangu siku hiyo kila ukitoka kazini unarudi na chuma kingine. Unanijengea choo kikubwa zaidi."

"Nawalinda."

"Unajilinda wewe. Na aibu yako ya fundi geti. Sasa umemtia na mbwa woga wako."

Mwalimu nimempigia asije tena. Mama mkwe anakunja nguo zake zilizokauka na kuziweka mkobani moja moja, taratibu, mahali ninapoona.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Gunia haji mlangoni.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua, mvua. Mtaro wa barabarani umejaa mpaka midomoni. Uani maji yanasimama kifundoni, yanakaa mpaka adhuhuri ndiyo yanywewe na ardhi. Mama mkwe anayatazama, kisha ananitazama mimi. Nimesema nitalifungua lile tundu Jumapili. Mke wangu anampelekea Gunia chakula na kuketi naye kwenye ngazi za baraza mpaka ale.

Jumanne, 16 Aprili

Sikuandika jana. Leo naandika yote.

Tundu sikulifungua Jumapili, nilikuwa namalizia geti la ghala, na jana asubuhi nikaenda kulifunga upande wa pili wa mji. Chiriku alikuwa na homa, akabaki na mama yake na bibi yake. Mvua ilikuwa ya kawaida nilipoondoka. Kabla ya saa sita ikageuka. Pale ghalani hatukusikizana tena, kila mmoja anaongea kwa mikono. Nikapiga nyumbani. Simu iliita bila kupokewa. Nikapiga tena, haikuita kabisa.

Nilitoka mbio. Nilipofika kona ya mtaa wetu, barabarani maji yalikuwa magotini, yanakwenda kasi. Lakini yalikuwa yanakwenda. Mbele ya geti langu wamesimama majirani, mwashi wa nyumba ya pili akiwa na nyundo kubwa, wanapiga kelele.

"Uani kwako kumejaa kama birika!" mwashi aliniambia. "Yanapenya ukuta wa nyuma, hayana pa kutokea!"

Nikafungua kufuli, nikasukuma. Geti langu linafungukia ndani. Upande wa ndani maji yalikuwa yameegemea bati lile zima, na halikusogea hata unywele. Tulisukuma watu sita. Nililijenga lisisogee, na halikusogea.

Na ule mlango wa mbele unafungukia nje. Nilielewa hapo hapo. Maji yameubana kwa nje, nao wako ndani, na madirisha yote yana nondo zangu.

"Mke wangu!" niliita. Geti halina upenyo. Sikuona kitu.

Hapo ndipo nilipoitazama ngazi iliyoegemea ukuta wangu. Ilikuwa na madoa ya rangi. Mwenyewe alikuwa juu kabisa, ametandika ovaroli yake juu ya vipande vya chupa, amekaa na kaptura, goti linachuruzika damu. Rangi Mbili. Alisikia kelele akaja, hakuna aliyemwita.

"Mbwa yuko chini yangu!" alisema kwa wale waliokuwa chini. "Amesimama majini, ananguruma!"

Nilifumba macho. Mimi ndiye niliyemlipa mtu amfundishe kung'ata mkono unaoingia. Nilikuwa nimemtafuta mlinzi, na mlinzi nilikuwa naye, na sasa alikuwa amesimama kati ya watu wangu na msaada. Nikataka kumwita, nikaacha. Ningemwambia nini? Hanisikilizi tena tangu mnyororo.

Ndipo nikasikia pazia likichanika. Kishindo cha dirisha. Kisha sauti ya mke wangu, ile niliyooa, ile iliyokuwa ikivuka mtaa mzima kumwita mtoto.

"Gunia!"

Mngurumo ukakoma.

"Gunia, njoo hapa! Huyo ni wetu. Njoo, baba, njoo!"

Niliweka sikio kwenye bati la geti.

"Shemeji," akasema tena, na nikajua anamwambia Rangi Mbili, "shuka taratibu, usimtazame machoni. Atakuja kukuegemea. Mwache akuegemee."

Rangi Mbili akavuta ngazi, akaipitisha upande wa pili, akatoweka. Nikasikia mwili ukiingia majini. Nikasikia mbwa akiogelea, pumzi nzito, kisha hakuna kitu. Nilihesabu mapigo ya moyo wangu nikapotea.

"Ameegemea," ilikuja sauti ya Rangi Mbili, nyembamba. "Mama Chiriku, ameegemea kweli. Nimeshikwa."

"Gunia. Mwache apite."

Sijui alimwambia mara ngapi. Najua kwamba hakupiga kelele. Alimwambia kama mtu anayemwambia mgeni asogee kidogo kwenye kochi.

"Ameniachia!"

Mwashi akarusha nyundo juu ya ukuta. "Chini, kona ya kulia!" nilipiga kelele, nikimwelekeza Rangi Mbili mahali nilipozibia kwa mikono yangu. "Bati liko katikati, vunja pembeni, saruji haina nguvu pembeni!"

Rangi Mbili alipiga chini ya maji, haoni, akikisia. Nami upande wa nje nikapiga kwa jiwe mpaka kucha zikatoka. Tulipiga mahali pamoja, yeye huku mimi kule, hatuonani. Kisha ukuta ukakohoa, na maji yakanipiga kifuani, yamebeba matope, viatu na bakuli la mbwa.

Yalipopungua geti likafunguka. Mke wangu alikuwa ametoka, amesimama barazani, Chiriku mgongoni, mkono mmoja kwenye ngozi ya shingo ya Gunia. Mama mkwe alikuwa nyuma yake, khanga imelowa mpaka kiunoni. Ndani meza imeelea mpaka ukutani; walikuwa wamemsimamisha mtoto juu yake. Maji yalimfika bibi yake mapajani.

Sikumbuki nilisema nini. Chiriku anasema nililia kama injini isiyowaka.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimekwenda kwa Rangi Mbili. Goti limeshonwa. Alikuwa amekaa kitandani, ngazi imeegemea ukuta.

"Nilikutukana mbele za watu," nilimwambia. "Nimekuja na majirani wale wale wawili, wako nje. Nataka wasikie nikikuomba radhi."

Alilishika goti kwa mikono miwili. "Fundi, kilichoniuma si neno lako. Niliumia nilipokumbuka chai. Nilikunywa chai kwako miaka, na wewe ukanihesabia vijiko."

Nikasema tu, "Ni kweli."

"Waite waingie basi, wasilowe," akasema.

Hajasema amenisamehe. Amesema geti lile la ghala atalipaka.

Jumamosi, 27 Aprili

Nakata. Nondo za chumba cha kulala, za jikoni, za choo. Mlango nimeurudisha ufungukie ndani. Vipande vya chupa nimeving'oa kwa patasi. Gunia anakimbia sauti ya grenda ikikata chuma, lakini jioni amekuja mwenyewe akanusa mikono yangu, akafikiri, akalala mbali kidogo. Nimeikubali hiyo kidogo.

Jumapili, 5 Mei

Mvua inakatika. Mteja mmoja, mwalimu wa shule, amesikia habari zetu, amekuja kuniuliza kama mastifu ni mlinzi mzuri wa nyumba yenye watoto.

Nilimwambia kweli. Anakula kuliko wewe. Jua kali linamshinda, lazima kivuli na maji. Mate yako kila mahali, mpaka kwenye kola ya shati unalokwenda nalo kazini. Habweki, kwa hiyo ukitaka kengele nunua kengele. Haumi ovyo pia. Anasimama kati ya watu wake na mgeni, na anangoja kuambiwa. Sasa lazima nyumbani kuwe na mtu ambaye akisema, anasikilizwa. Na mtu huyo asiwe mwoga, maana mbwa huyu hukopa moyo wa mwenyewe.

"Na wewe ndiye unayemwamrisha?" aliuliza.

"Mimi? Mimi namchotea maji."

Jumamosi, 18 Mei

Jua la asubuhi. Mama mkwe amefunga mkoba. Aliuweka mlangoni, akamtazama mwanawe aliyekuwa amepiga goti anapima mtu kiuno, pini mdomoni.

"Haya, binti yangu. Mvua zimeisha. Tunaondoka?"

Mke wangu alitoa pini. "Mama, nina nguo za watu. Wa Jumatatu, wa Jumanne, na bibi harusi huyu hapa."

"Sawa," mama mkwe akasema haraka, akageuza uso. Nilimbebea mkoba mpaka stendi. Njiani aliniita mwanangu, nami nikajifanya sikusikia ili aseme tena.

Niliporudi mke wangu alinionyesha ukuta wa chumba cha mbele, ule unaoangalia barabara. Alikuwa ameuchora kwa chaki yake ya kushonea: mstari hapa, mstari pale, upana wa mikono miwili.

"Dirisha," alisema. "Kubwa. Watu wanipe vitambaa vyao hapo hapo wanapopita."

"La nondo?"

"La kufunguka."

Jumatatu, 20 Mei

Mwashi amevunja ukuta, mimi nimeweka fremu, Rangi Mbili amepaka. Amepaka rangi mbili, makusudi, na kusema huo ndio ufundi. Mwanga umeingia mpaka kwenye pembe ambazo sikujua zina vumbi.

Mteja wa kwanza alikuwa msichana mwenye sketi iliyofumuka. Alifika dirishani, akaona kichwa cha Gunia kikichomoza pembeni ya cherehani, akasita na mguu mmoja nyuma.

"Huyo anauma?"

Mke wangu hakuinua macho kwenye pindo. Alinyoosha mkono nje ya dirisha, mpaka kwenye kiwiko, barabarani kabisa, kiganja wazi.

"Nipe sketi, mdogo wangu," alisema. "Usiogope. Nipo."